Kikokotoo Hakizioni Jumapili Zangu

Leo sina pa kuficha uso. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wauguzi wangu.

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku Nyaishozi, nakaribia kustaafu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichukua zamu za Jumapili ambazo wenzangu hawazitaki, maana zina posho, nami niliamini kila posho inanenepesha pensheni. (Nani aliniambia? Sikumbuki. Nadhani nilijiambia.) Mke wangu, Kokushubira, kwao ni Mabira, watu wa ng'ombe. Kila akienda kumwona baba yake huenda peke yake. Nilikuwa namwambia, "Vumilia, natafuta uzee wetu." Naye anapanda bodaboda.

Asubuhi tulikuwa na semina ya watumishi wanaokaribia kustaafu, kwenye ukumbi wa kanisa. Tuliambiwa tuje na wenza wetu. Tukakaa mstari wa mbele. (Nilichagua mimi.)

Mtoa mada alikuwa dada mmoja mpole, mtaalamu wa mambo ya pensheni. Akauliza, "Nani atuambie, mchango wa pensheni unakatwa kwenye malipo yapi?"

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama mtu mwenye neno.

"Kwenye yote," nikasema. "Mshahara, posho ya zamu, masaa ya ziada, posho ya safari, hata ile ya kampeni ya chanjo. Ndiyo maana wengine tumejituma."

Wakanipigia makofi. Dada akasubiri yaishe.

"Asante, daktari. Umepata moja tu, mshahara. Na hapo penyewe ni mshahara wa msingi peke yake. Kwa watumishi wa umma posho hazikatwi mchango, kwa hiyo kikokotoo, ile hesabu ya pensheni, hakizioni. Ukishaipokea posho, imeishia hapo."

Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, nikakaa, nikadhani yamekwisha. Mara nikaona mkono wa mke wangu uko juu.

"Mwanangu, naomba kuelewa," alimwambia yule dada. "Mtu akifanya zamu za Jumapili mpaka akaota mvi, hizo Jumapili zinaongeza nini kwenye pensheni?"

"Haziongezi, mama. Analipwa posho yake tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Asante." Akakaa, akanyoosha kitenge chake magotini.

Hapo hakuna aliyecheka. Wengi wanamjua, na wamemwona akienda kwao peke yake. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Wakati wa chakula, Mwalimu Byera, jirani yetu, akaninong'oneza kwenye foleni ya ndizi, "Tabibu, na hii nyama inaingia kwenye pensheni?" Nikarudisha kijiko cha nyama, nikaondoka na ndizi kavu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Nilidhani natujengea," nikamwambia.

"Najua. Ningejua unadhani tu, ningeuliza mapema."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali awe nayo. Tulipofika mlangoni akasema, "Baba haoni vizuri siku hizi. Watu anawatambua kwa sauti. Ya kwako ameanza kuisahau."

Sikuingia ndani. Nilisimama pale pale mlangoni, nikampigia simu mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, nikamwomba aniondoe kwenye zamu ya Jumapili.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana. Nakwenda ukweni."

"Sasa zamu yako nimpe nani?"

"Yeyote anayependa posho."

Kwa hiyo Jumapili nitakuwa Mabira. Mkinikuta najitambulisha upya kwa baba mkwe wangu mwenyewe, tafadhali salimieni mpite, kicheko mwende nacho nyumbani kwenu.