Sabuni Nyuma ya Chakula cha Mbwa

Jumatatu, 3 Novemba

Kandarasi yangu inaisha Ijumaa. Mimi ndiye ninayepanga sabuni ya Povutele rafuni, mpangaji wake, katika supamaketi ya hapa Kabiria. Mshahara unatoka kwa kampuni ya sabuni, rafu ni za supamaketi. Madam Lornah, bosi wangu wa Upper Hill, amesema sabuni isipotoka, nitatoka mimi. Itatokaje? Imewekwa chini kabisa, karibu na mitego ya panya. Rafu ya usawa wa macho ni ya Theluji, sabuni ya Ivyne, mpangaji wa kampuni pinzani. Ivyne huwasalimu wateja kwa majina. Ananiudhi. Bi Kaluki, meneja wa supamaketi, humpa rafu hiyo yule ambaye sabuni yake inatoka. Basi nimewaza. Mke wangu Rael ameniuliza mbona natabasamu na ugali mdomoni. Nikamega tonge lingine.

Jumanne, 4 Novemba

Ivyne alipoenda chai, nilihamisha Theluji yote nyuma ya chakula cha mbwa. Kamera ya upande ule huangalia pombe tu. Mbwa wa Kabiria hula makombo; hakuna anayewanunulia chakula cha pakiti. Wateja wakikosa Theluji, watainama wachukue Povutele. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Novemba

Hawakuinama.

Bi Kaluki alipita, akaona rafu tupu, akafurahi. "Hii Theluji inatembea kweli!" Ameamuru Ivyne apewe na rafu ya pili, na stoo ilete katoni zingine. Kampuni yake imemtumia kofia mpya. Nani alipanda ngazi kupanga katoni hizo? Mimi, kwa kuwa Ivyne ni mfupi. Povutele sasa iko nyuma ya ndoo.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Leo ni siku ya kuhesabu bidhaa. Kompyuta inasema zile pakiti za Jumanne hazikuuzwa, na rafuni hazipo. Basi zimeibwa, na hapa anayejibu ni mpangaji wake. Bi Kaluki amemwambia Ivyne zipatikane kufikia kesho au aende nyumbani. Ivyne alilia kando ya friji ya maziwa. Anasomesha wadogo zake huko Butere. Mimi nilitaka atoke kwenye rafu, si kazini. Nimejiona mchafu siku nzima, na nimezungukwa na sabuni.

Ijumaa, 7 Novemba

Niliwahi kabla ya duka kufunguliwa. Nilikuwa nimekumbatia Theluji hadi kidevuni wakati mlinzi, Zedekiah, aliponishika shati. "Buda, hizo unapeleka wapi?" Nikasema nazirudisha. Ukweli ulinitoka kwa bahati mbaya.

Akanipeleka kwa Bi Kaluki. Madam Lornah naye alikuwa pale, amekuja kuniaga. Bi Kaluki alienda akatazama nyuma ya chakula cha mbwa, akanitazama mimi, akasema kuna mteja mwenye roho mbaya aliyezificha huko, na kati ya wafanyakazi wote ni Shem, yaani mimi, peke yake aliyejisumbua kumtafutia mshindani wake sabuni iliyopotea. Ivyne alinishukuru huku analia. Madam Lornah aliguswa, akaniongezea kandarasi ya mwaka mzima. Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa.

Nilienda stoo nikakaa juu ya gunia la mchele, nikashusha pumzi ya wiki nzima. Kazi ninayo. Ivyne anayo yake. Rael amechinja jogoo. Mungu ni mwema hata kwetu sisi wengine.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekula kuku, nimelala vizuri, na jana nilitubu kanisani. Sitaficha tena sabuni ya mtu mwingine maishani mwangu.

Lakini kuna jambo halinitoki akilini. Rafu ya Theluji ilikaa tupu siku moja tu, Ivyne akaongezewa nyingine. Povutele ni sabuni yangu mwenyewe, hivyo sioni dhambi iko wapi. Chakula cha mbwa siku hizi kinalindwa na Zedekiah. Leo asubuhi nimeihamisha Povutele yote nyuma ya chakula cha paka.