Sikio la Adui Katika Kibanja Changu

Buganguzi, Muleba
Februari 1979

Ndugu Kamanda wa kikosi kilichopiga kambi jirani yetu,

Pole na kazi ya kutulinda. Naomba uje ung'oe chuma kilichodondoshwa na ndege ya adui kati ya migomba ya kibanja changu, hapa nyumbani. Kimejichoma ardhini na juu kina antena. Mgambo wetu Hamidi, aliyesomea mambo ya redio, anasema hilo ni sikio: linasikiliza sauti na mitikisiko, kisha linamtangazia adui bomu lake limeleta hasara gani. Ametukataza kuligusa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chuma hiki kimenifanya mwongo. Bomu lenyewe liliua mgomba mmoja tu. Nikaona adui akisikia tunakanyaga ndizi za pombe yetu ya rubisi na kuimba, atajua amekosa shabaha, na atarudi. Nina watoto, Ndugu Kamanda, niliogopa kweli. Nikaiagiza familia ilie kilio cha msiba karibu na kile chuma.

2. Nilisahau kwamba majirani nao wana masikio. Ua ukajaa watu. Nawe unajua, kwetu palipo na msiba hakuna ashikaye jembe. Maharage ya shamba la ujamaa yamemezwa na magugu, na bwana shamba anamtafuta mhujumu.

3. Watu wakauliza amekufa nani. Nilikuwa nimepanga yote isipokuwa hilo. Mke wangu Ephrasia akanitaja mimi, akaongeza kuwa bomu halikubakiza hata cha kuzika. Nikapanda darini, na ndiko ninakoandikia.

4. Huku juu nasikia kila kitu. Shemeji Rugambwa wa Kimwani amejaribu mabuti yangu, yamemtosha. Walizitafuta sifa zangu mpaka wakachoka, ndipo Mzee Byarugaba akakumbuka kwamba nilikuwa mlaji mzuri.

5. Nyumba kumi zimemchagua Mwijage awe balozi badala yangu. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, nami nusura ninyooshe wangu, maana yule bwana anafaa.

Basi king'oeni, na muwatangazie watu kwamba mimi ni mzima. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia darini. Kushuka mwenyewe naona aibu. Tena vigelegele vitasikika kwa adui, ingawa kwa niliyoyasikia sina hakika kama vitapigwa.

Barua hii anaileta Hamidi, ambaye nje ya familia ndiye pekee anayejua siri hii. Wasalimu wapiganaji wote, na mpishi wenu pia.

Ni mimi marehemu,
Ildefons Karugendo
Aliyekuwa Balozi wa Nyumba Kumi

Tanbihi: Usije kwanza. Jioni hii wageni walipoondoka, Ephrasia alirudi peke yake pale kwenye chuma. Anajua fika niko darini, chakula changu amepika yeye. Akalia tena, bila kuagizwa, akisema kwamba siku ile ndege ilipopita alinitafuta mimi kwanza kabla ya kujificha, na kwamba nyumba bila mimi asingeiweza. Miaka yote ya ndoa yetu hajapata kuniambia hivyo. Kama adui alikuwa anasikiliza, hiyo ndiyo habari ya kweli pekee aliyopata kutoka kwangu. Acheni chuma kikae hadi Jumapili.