Mjane Mwenye Mume

Bwejuu, Kusini Unguja

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Jumuiya ya Mkono Mkunjufu,
Mji Mkongwe.

Yah: Kufishwa kwa mume wangu, Bwana Talib, bila ya mwenyewe kuarifiwa

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, kwa kuwa siku hizi mtu anaweza kuwa mzima kwake na maiti kwenu.

Mimi ni Rukaiya, mkulima wa mwani. Jina langu pengine hulijui, ila uso wangu unaujua, maana umeutundika nje ya ofisi yako, mkubwa kuliko mlango. Chini yake mmeandika: "Mjane huyu hajui kesho atakula nini." Ndugu Mkurugenzi, kesho ni Ijumaa, tutakula wali wa nazi na pweza. Lakini sikuandika kwa ajili ya chakula. Malalamiko yangu nimeyatia nambari ili msipate tabu, kwani najua mna kazi nyingi.

1. Mavazi. Siku alipokuja mpigapicha wenu, pamoja na afisa wenu Bakar wa kumfasiria, nilitoka nimevaa doti yangu mpya. Mgeni akanitazama kama aliyefiwa yeye. Bakar akasema, "Bi mkubwa, anasema hiyo inang'aa sana. Huna nyengine?" Nikamwambia nnazo sita. Akasema anataka mbovu. Basi ikaanuliwa kanga ya kupigia deki, nami nikajifunga, mgeni habishiwi. Ila mngeisoma kwanza. Kanga ile imeandikwa SINA SHIDA NA MTU, na maneno yamo pichani, yanasomeka vizuri, juu kidogo ya nambari ya kupelekea michango.

2. Makaazi. Nyumba yetu ina sakafu ya vigae, aliitia Talib kwa mikono yake. Mgeni aliisifu, kisha akauliza kama hatuna pahala pengine. Nikasimamishwa mlangoni pa banda la mbuzi. Mbuzi mwenyewe alitolewa, kwa sababu kanenepa.

3. Uso. Meno yangu ninayo yote, na nikipigwa picha hucheka. Niliambiwa nisicheke, nifikirie jambo la huzuni. Nikaufikiria mwani uliochukuliwa na maji mwezi ule, haukutosha. Nikaambiwa nitazame mbali. Nikatazama mbali, na huko mbali akatokea Talib, anakuja kuuliza kuna nini. Bakar akamwomba asogee, anaharibu picha. Kwa hiyo marehemu alikuwepo, hatua kumi kutoka kwenye kamera, na mliomfukuza ni nyinyi.

4. Harusi. Mwanangu Yusra ameposwa na Mansour, kijana wa Mtoni. Mansour alipita mjini na mama yake, Bi Nassra, wakaliona bango. Kijana akasema, "Huyu mbona mama yake Yusra?" Wakasoma neno mjane, wakajua tumefiwa na hatukuwaarifu. Siku ya pili wakaja kutoa mkono wa taazia, na mchele, na sukari, na Bi Nassra macho yamemvimba. Waligonga, akawafungulia Talib.

Mansour alikaa chini pale pale kizingitini. Bi Nassra hakukaa. Alimtazama Talib, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mbele ya mwanangu: "Rukaiya, kama baba mtu mmemfisha naye anatembea, huyu wangu mtamfanya nini?" Akatoka. Mchele aliuacha. Yusra aliingia chumbani, na mpaka magharibi hakutoka. Mengine yote nimeyacheka, Ndugu Mkurugenzi. Hilo sikuweza. Posa haikuvunjwa, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekuja wala aliyepiga simu.

5. Ofisi. Talib alikuja kwenu kueleza kuwa yu hai. Alisimama mbele ya meza, anapumua. Akaambiwa alete barua ya sheha. Sheha wetu ni mtu wa watu, akaandika: "Ninamfahamu mtajwa, na jana nilisali naye." Akapiga muhuri. Talib akarudi nayo kwenu siku hiyo hiyo, na jibu alilopewa ni hili: "Mzee, mabango yameshachapishwa. Uhai wako tutautia mwakani."

6. Msaada wetu kwenu. Talib ni mtu wa kuangalia. Kaona ofisini kwenu ndoo imetegwa chini ya dari inayovuja, kaona kiti kimefungwa kamba mguu, na kakuona wewe mwenyewe unachovya biskuti katika chai ya rangi, peke yako. Aliporudi nikawahadithia wenzangu wa kikundi cha mwani. Tuliingiwa na huruma, na tumeazimia kukusaidia. Kwa kuwa nyinyi wenyewe ndio mliotufundisha kwamba bila ya picha huruma haiji, tunakuomba ufike Bwejuu upigwe yako.

Saa uvue. Miwani uvue. Shati tutakutafutia sisi, na pa kusimama unapajua. Usicheke. Chini tutaandika: "Mkurugenzi huyu hana mtu duniani." Mkeo asihangaike, tutamrejesha mwakani. Picha tutaitundika Mtoni, kando ya barabara ya Bububu, wanapopita wakwe zako, kama wapo.

Ikiwa jambo hili litakuwa zito kwako, basi literemsheni bango langu, na umwandikie Bi Nassra kwa mkono wako kwamba Talib yu hai na kosa ni lenu peke yenu.

Nisalimie wote hapo ofisini, mwenye meza na mwenye muhuri, na Bakar, na mgeni wake popote alipo. Talib naye anakusalimu, kwa mdomo wake mwenyewe.

Wako katika haki,
Rukaiya, mke wa mtu.

Tanbihi: Kabla ya kuitia bahasha nimemsomea Yusra barua hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, andika na lile jengine." Basi naliandika.

Siku ile Bakar hakuja kwangu. Alikuja kwa jirani yangu Mwanapili, ambaye ni mjane kweli, na kesho yake haijui kweli. Mwanapili aliposikia habari ya picha akafunga mlango. Bakar akawa anaita barazani, "Bi Mwanapili! Bi Mwanapili!" Mimi niko uani kwangu, naliona tangi la maji juu ya gari, zawadi ya mjane atakayepigwa picha. Nikaitika, "Naam."

Tangi liko kwangu. Mwanapili huja kila asubuhi kuteka maji, hunisalimu vizuri, na hajaniuliza neno.

Bi Nassra usimwandikie. Jumamosi nakwenda Mtoni mwenyewe, na mchele wake. Nyinyi njooni mlihamishie tangi kwa Mwanapili, nyumba yake ni ya pili baada ya yangu, ya makuti. Piga hodi, ungoje ajibu. Na msije na kamera.