Dakika Mia Tatu za Kuposa

Jumatatu, 5 Mei

Nimeteuliwa! Gadiel alipanda ngazi mpaka chumbani kwetu hapa mtaa wa Point na kuniomba niwe msemaji wa kumposea Estella. Siku yenyewe ni Jumamosi. Kwa simu, maana baba yake Estella, mzee Nduwimana, yuko Gitega, kwetu Burundi, na sisi sote tuko Durban. WhatsApp haiwezekani. Mzee ana simu ya kubonyeza na hataki nyingine. Kwa hiyo ni simu ya kawaida, spika wazi, watu wa pande zote mbili wakisikiliza.

Kisha Gadiel, ambaye huniita tonton kama mjomba wake, akaongeza: tonton, tutafutie na mtandao wa bei nafuu, wewe unajua mambo hayo. Ninayajua. Mimi ni fundi cherehani, lakini mwaka huu peke yake nimeshabadili laini mara nne. Mke wangu Colette akasema ndiyo sababu hakuna mtu mwenye namba yangu. Sikumjibu. Msemaji hajibu kila kitu.

Jumanne, 6 Mei

Nilifanya kosa la kumtajia Baudouin. Huyu ni Mkongo anayeuza vocha na kutengeneza simu pale soko la Warwick, na anajiona baba wa mitandao yote. Akaniambia mbele ya wateja watatu: "Mukubwa, usijisumbue. Weka tu airtime ya kawaida. Bei iko juu kidogo, lakini haitakukata kati ya maneno."

Airtime ya kawaida! Ushauri wa kumpa bibi kizee. Nikamwambia nimeshapata kitu bora zaidi. Nilikuwa sijapata chochote. Sasa lazima nipate.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata. Nilikwenda hadi Westville, ambako kila mtu ana gari na mimi nilipanda mlima kwa miguu. Kuna duka la mtandao mpya, Nyoni Mobile. Bango mlangoni: DAKIKA 300 ZA NJE YA NCHI, SIKU 30, R79. Nikalisoma mara tatu. Kuposa kwa heshima hakuzidi saa mbili. Dakika mia tatu ni saa tano!

Binti wa kaunta, mwanafunzi bila shaka, akaanza kunieleza jinsi dakika hizo zinavyogawanywa. Nikamkatisha. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kwamba nilikuwa natumia simu kabla hajazaliwa, yeye aniandikishe tu. Nikampa karatasi zangu na barua ya mchungaji ya kuthibitisha ninapoishi. Akaniuliza mara mbili kama nina swali. Sina.

Wamenipa na kofia ya bure, ina picha ya ndege. Nilirudi kwa kupitia Warwick makusudi, nikiwa nimeivaa. Baudouin aliiona.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi. Kwetu mtu haingii tu na kumtaja msichana. Unaanza na salamu. Unakwenda kwenye mvua. Kisha ng'ombe wako amepotea, na nyayo zake zimeishia kwenye ua wa wenyeji. Wenyeji wanajifanya hawajaona kitu. Unanyenyekea, wanakataa, unanyenyekea tena kwa maneno matamu zaidi. Ndiyo raha yake.

Colette alishika saa. Salamu, mvua na ng'ombe tu: dakika tisa. Akaniambia nifupishe. Nikamkumbusha tunazo mia tatu. Akauliza kama nimesoma masharti. Nikasema masharti ni ya watu wasiojiamini. Hata hivyo ile karatasi haipo tena, nimeikata kuwa kipimo cha kola ya koti la Gadiel.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi. Nina aibu.

Saa nane mchana chumba kilikuwa kimejaa, watu kumi na sita. Gadiel amevaa koti nililomshonea. Estella ameketi nyuma, ameinama kama inavyotakiwa. Mimi na kofia yangu. Simu katikati ya meza.

Mzee alipokea mara moja. Sauti safi kabisa. Salamu zikaenda vizuri, mvua ikanyesha, ng'ombe akapotea. Mzee akajibu kwa utaratibu kwamba hajaona ng'ombe wala nyayo. Ndipo nikaingia kwenye kipande changu kizuri kuliko vyote. Nikasema: kama nyumba hii haina tunachokitafuta, basi sisi tutakwenda kwa jirani.

Ilikuwa ifuate: lakini miguu yetu imekataa kuondoka, kwa kuwa moyo umeshaingia ndani. Haikufuata. Simu ilikatika pale pale kwenye jirani.

Nikapiga tena. Haikuita. Kisha ujumbe ukaingia: umemaliza dakika zako 10 za leo. Dakika mia tatu, siku thelathini. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo kabla ya kufika kaunta.

Simu ilikuwa mbele ya macho ya watu wote. Nikaifunika kwa kofia. Mtu akauliza kuna nini. Nikasema mzee amekata.

Ndivyo nilivyosema. Mzee amekata.

Jumapili, 11 Mei

Gadiel hakuimba kanisani, na yeye ndiye sauti ya pili yote ya kwaya. Baada ya ibada akaniambia ameumia, lakini hawezi kumbembeleza mtu aliyemkatia simu mbele ya wakubwa wake. Nikamshika bega. Nikamwambia avumilie.

Mchana kaka yake Estella alinipigia mimi, msemaji, kutoka Gitega. Baba anauliza ni watu gani hawa, wanajibiwa kwa desturi halafu wanasusa na kwenda kwa jirani. Basi waende huko huko, wasirudi.

Kwa hiyo Durban inasubiri Gitega iombe radhi, na Gitega inasubiri Durban. Katika nchi zote mbili ni mtu mmoja tu anayejua nani anapaswa kuomba. Kwenye chakula cha kanisa mtu huyo alikula sahani mbili za wali.

Jumanne, 13 Mei

Estella alikuja kwenye cherehani yangu. Mimi ndiye ninayemshonea gauni la harusi. Akasema kwa sauti ndogo: "Acha tu, tonton. Usikate kitambaa." Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Nikamwambia asijali, nilikuwa hata sijaanza. Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa tayari imekatwa, nimeificha chini ya meza.

Siwezi kuendelea hivi. Nitamwambia mzee ukweli mwenyewe. Dakika kumi ninazo kila siku na zimelipiwa.

Jumatano, 14 Mei

Nilimpigia. Lakini huwezi kumrukia mtu wa umri ule na kosa lako kabla ya kuuliza hali yake, ya mama, ya watoto, ya mashamba. Nilipofika kwenye mifugo, ikakatika.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nilipunguza mashamba. Mzee akaniwahi: kwa nini nilimkatia jana? Swali zuri. Nikaanza kulizunguka ili nifike kwenye jibu kwa adabu. Nilikuwa nimebakiza kona moja tu ilipokatika.

Ijumaa, 16 Mei

Mama yake Estella ndiye aliyepokea. Akasema mzee anauliza kama ni yule mtu anayepiga kila siku kuulizia ng'ombe kisha anakata. Colette alikuwa nyuma ya pazia anasikia yote. Akatoka, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kila kitu, hata kofia.

Hakunifokea. Alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaomba kuzungumza na mzee, akamsalimu, akasema: mume wangu alinunua dakika kumi akidhani ni mia tatu, zikaisha akiwa katikati ya sentensi, akadanganya watu kwamba wewe umekata, Gadiel hana kosa lolote, tunaomba utusamehe. Niliangalia saa. Sekunde arobaini.

Mzee akasema amesamehe, ila huyo bwana asishike simu tena.

Colette akanipeleka kwa Gadiel na Estella, nikayasema yale yale nikiwa nimesimama mlangoni. Gadiel aliangalia koti lililotundikwa ukutani, hakuniangalia mimi. Estella akasema: "Tonton, siku sita nimemchukia papa yangu."

Nimejaribu kuandika jambo jingine chini ya hilo. Sina.

Jumamosi, 17 Mei

Tumepiga upya. Airtime ya kawaida. Baudouin aliileta mwenyewe na hakunisema hata kidogo, nami ningependa anitukane tu yaishe. Msemaji alikuwa Colette. Mzee alimtaka yeye kwa jina, ingawa kwetu si kawaida mwanamke kusema. Ng'ombe kidogo, nyayo kidogo, akaomba. Mzee akajibu kwamba sasa anamwona ng'ombe, yuko salama, na anajua alikokuwa akienda. Chumba kizima kikapiga vigelegele.

Kazi yangu ilikuwa kumimina Fanta. Estella alipokea glasi yake kwa mikono miwili na kusema asante, tonton. Nilitoka nje kwenye korido nikalia kidogo karibu na mita za umeme.

Jumapili, 18 Mei

Nimeunga mikono ya gauni. Inamkaa vizuri. Gadiel ameniomba kwa upole nisihutubie kwenye harusi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefikiri sana. Mzee Nduwimana anastahili kuombwa radhi na mimi mwenyewe, kwa heshima kamili, si kwa sekunde arobaini za mke wangu. Nimeandika kurasa nne. Mbili za kwanza ni ng'ombe.

Kile kifurushi hakifai, hilo nimelielewa. Leo nilikwenda Westville nikawaambia hivyo bila kuficha. Wanacho kingine, kikubwa zaidi: DAKIKA 900, SIKU 90! Mia tisa! Binti ni yule yule. Akaanza tena kunieleza kitu kuhusu kugawanya. Nikamwambia asijichoshe, safari hii mimi si mgeni.

Wamenipa kofia ya pili.