Vichekesho vya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Amecheka! Mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala na kiwanda chetu amecheka leo saa nne na dakika kumi asubuhi. Si tabasamu. Kicheko chenyewe, mkono mdomoni, macho yamefumba. Mwanamke ambaye hukusomea maelekezo ya dawa kama anayesoma hukumu!

Nilimwambia hivi: nimesikia kwenye habari kwamba wametuma chombo mwezini kutafuta maji. Mimi nami dada yangu amenituma mtaa wa pili kutafuta maji, na hata kofia ya chuma sijapewa.

Kichekesho si changu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ni cha Rubani, mwenzetu katika kundi letu la simu, Kamati ya Dunia. Tuko tisa, mwaka wa nne huu, na hatujawahi kuonana. Kila asubuhi mtu huleta habari za ulimwengu, za mapenzi, au za jirani yake, na kamati inazitolea uamuzi. Mimi ni Katibu. Kazi yangu ni kuandika "Kikao kimefunguliwa", na sijawahi kukosea. Lakini mchekeshaji ni Rubani. Marais wawili walipokaa siku tatu wakakubaliana kwamba watakutana tena, aliandika kwamba hiyo ndiyo ndoa yake, ila wenzake wana wapiga picha. Siku hiyo nilikuwa kwenye mashine yangu ya kukatia karatasi. Nilikata kadi arobaini za harusi katikati ya jina la bwana harusi.

Pale Rubani anaposema mke wangu, mimi nasema dada yangu. Huo ndio mchango wangu wa ubunifu.

Mkakati: kichekesho kimoja kila siku hadi Ijumaa. Jumamosi namwalika chai. Kuingia dukani lazima mtu ashikwe na kitu, kwa hiyo mimi nimeshikwa na kichwa. Nina pakiti saba za vidonge nyumbani. Kichwa kizima kabisa.

Jambo moja tu. Rubani hajaandika tangu juzi. Kile cha mwezini kilikuwa cha mwisho katika akiba yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Kikao nimekifungua saa moja kamili. Balozi, mwenzetu anayependa mambo makubwa, ameleta habari ya mkutano wa hali ya hewa uliovunjika kwa sababu ya mvua. Bahati iliyoje! Habari kama hiyo Rubani angeitafuna bila chumvi. Hakutokea. Nikajaribu mwenyewe. Niliandika kwamba mvua nayo ni hali ya hewa.

Kobe, ambaye huandika mara moja kwa mwezi, amenijibu: "Ndiyo."

Nikaenda dukani hivyohivyo. Mfamasia akaniuliza leo dunia imesemaje. Nikamwambia mvua nayo ni hali ya hewa. Akataka kujua kichwa kilianza lini, na kama naona vitu viwiliviwili.

Nyuma yangu alikuwa Bwana Tai, msimamizi wetu kiwandani. Tai ya shingoni, si ndege. Alikuja kununua plasta. Nilivikagua vidole vyake vyote kumi, sikuona hata mkwaruzo. Ugonjwa huo naujua. Ninao.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimemwandikia Rubani faraghani, nikamwuliza kulikoni. Amejibu baada ya saa nzima. Mke wake amelazwa, tena hapa mjini kwetu, hospitali kuu. Jumapili wamempasua koo, wakatoa uvimbe. Yeye anashinda hospitali.

Niliandika pole sana, ndugu yangu. Nikasubiri muda wa heshima. Dakika nne. Kisha nikamwuliza kama ameiona ile habari ya mkutano na mvua. Hakujibu. Mchana nimeusoma tena ujumbe wangu, nikaona haya, lakini alikwisha kuusoma.

Basi nikabadili njia. Mchekeshaji haitwi, huchokozwa. Nikaingia kwenye kamati na habari ya kutunga: nchi moja ya mbali imepiga marufuku kukoroma, kila chumba cha kulala kitafungwa kipimo, na mume akizidi kiwango mke anaruhusiwa kuhama. Chambo kinono! Rubani angeweza kunyamaza?

Amenyamaza. Asiyenyamaza ni Bibi wa Posta, mstaafu anayeamini kila kilichoandikwa. Akaituma kwa wanawe, wanawe wakaituma makazini. Saa nane mchana Bwana Tai anatusomea kiwandani kutoka kwenye simu yake, mashine zote zimezimwa, watu wanashika mbavu. Saa tisa nikamwona kupitia dirisha, ameegemea kaunta ya duka la dawa, anasoma. Na mfamasia mbele yake, mkono mdomoni, macho yamefumba. Kicheko kilekile! Kwa uongo wangu!

Jioni dada yangu wa kweli, ninayekaa naye, ameniambia nianze kulalia ubavu, serikali yetu isije ikaiga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Kichwa, nimesema. Nimenunua machungwa sita, nimekwenda hospitali. Nia: kumfariji Rubani. Nia ya pili: kumfariji mpaka achekeshe. Kalamu nilibeba.

Nilitarajia mtu wa mabega mapana. Rubani ni mzee mfupi, mwembamba, kavaa sare ya bluu iliyopauka. Ni mwendesha lifti. Miaka ishirini na sita anapanda na kushuka ghorofa saba. Yeye ndiye aliyenitambua, kwa kuwa nilikuwa namwuliza kila mwanamume ukumbini kama ni rubani. Akasema alidhani mimi ni mnene. Tukashikana mikono, tukakaa kwenye benchi, tukakosa la kusema. Miaka minne tunaongea kila siku!

Nikamwambia kamati inamngoja. Akainama.

"Ndugu yangu Katibu," akasema, "vile vichekesho si vyangu. Ni vya mama watoto. Yeye husikiliza redio huku anakunja nguo. Anasema, mimi naandika. Sijatunga hata kimoja."

Kumbe nimekuwa nikimwibia mwizi!

Kisha akaniambia yaliyobaki, na hapo habari ya wizi ikanitoka. Daktari amesema sauti huenda isirudi. Hata ikirudi, haitakuwa ile. Rubani anasema kila asubuhi huwasha redio nyumbani kabla ya kuja hospitali. Inasoma taarifa ya habari mpaka mwisho, na hakuna anayeijibu. Hakulia. Alishika chungwa moja, akawa analizungusha mikononi, analizungusha tu.

Muuguzi akatoka. Rubani alitakiwa akachukue dawa jengo la pili, na mgonjwa asiachwe peke yake. Lakini asizungumze, na asicheke kabisa, nyuzi bado mbichi. Ndugu zake wamezuiwa kwa sababu hiyo, ni ukoo mzima wa wachekeshaji. Rubani akanitazama, akamgeukia muuguzi.

"Huyu anafaa," akasema. "Huyu ni Katibu."

Uhakika wake haukunifurahisha.

Shemeji alikuwa ameketi kitandani, bandeji nyeupe shingoni, daftari mapajani, macho makubwa yanayosubiri kitu. Akaandika: Habari za dunia? Nilikatazwa kuchekesha, kwa hiyo nikaona la salama ni kumweleza maisha yangu. Kwa unyofu kabisa. Mfamasia, na pakiti zangu, sasa ni nane. Kwamba nimemgeuza yeye kuwa dada yangu. Mvua nayo ni hali ya hewa, na ile Ndiyo ya Kobe. Plasta ya Bwana Tai. Nilipofika kwenye kukoroma nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Nikazidi kueleza. Ndipo akashika koo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na kwenye bandeji pakatokea doa jekundu. Dogo, kama punje ya mtama. Likakua.

Wauguzi wawili wakaja mbio. Nikatolewa kwa kushikwa kiwiko. Rubani akarudi na mfuko wa dawa, akakuta pazia limevutwa. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuweza kula. Kikao nimekifungua, kisha nikaiambia kamati kwamba mke wa Rubani amelazwa na kwamba huenda nimemdhuru. Nani hutunga nini, hayo sikuyagusa. Si yangu kuyasema.

Hakuna aliyetania. Balozi aliweka habari ya waziri fulani kudondoka jukwaani, akaifuta. Bibi wa Posta akaandika sala ndefu isiyo na nukta. Kobe akaandika: "Wodi gani?" Mara mbili kwa wiki moja!

Dukani sikwenda. Kichwa kinauma. Kinauma kweli, na pakiti ziko nyumbani! Nimekata kalenda mia mbili, zote zikatoka bila safu ya Jumapili. Bwana Tai alizitazama, kisha akanitazama. Baadaye akaniwekea kikombe cha chai kando ya mashine. Sitaki wema wake. Nikanywa.

Saa kumi Rubani ameandika. Ulikatika uzi mmoja, wameurudishia, damu ilisimama palepale. Daktari amekasirika sana. Na mgonjwa ameandika kwenye daftari lake: yule mtu kesho arudi.

Nimeingia msalani, nikafungulia bomba, nikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepewa dakika kumi, kwa sharti kwamba na mimi nisitamke neno. Kwa hiyo tukaandikiana, daftari likienda na kurudi. Nikaomba radhi. Akaandika kwamba tangu Jumapili kila anayeingia wodini huingia na uso wa msibani, mimi pekee niliingia na uso wangu mwenyewe. Nikamwuliza kama anaogopa.

Akaandika: "Naogopa mzee wangu ataisahau sauti yangu."

Akaichana ile karatasi, akaikunja, akaificha chini ya mto kabla Rubani hajaingia. Kisha akageuza ukurasa, akaniandikia kwa herufi kubwa: MWAMBIE BINTI WA WATU UKWELI. WOTE. LEO. Nikaapa kwa kuinamisha kichwa.

Nilipitia nyumbani, nikachukua pakiti zote nane, nikaenda moja kwa moja dukani kabla roho haijageuka. Nikazimwaga juu ya kaunta. Nikasema kichwa changu hakijawahi kuuma isipokuwa jana. Vichekesho ni vya mama mmoja aliye hospitali, ambaye sasa hawezi kusema. Na hiyo ya kukoroma, aliyomsomea Bwana Tai, nimeitunga mimi. Nikasimama, nikingoja kufukuzwa.

Akazipanga pakiti moja juu ya nyingine, taratibu. Akasema ya kichwa aliyajua tangu pakiti ya tatu, kwa kuwa mgonjwa wa kichwa hapazi sauti namna ile.

"Nilichokuwa sikijui," akasema, "ni kama utasema."

Akaniuliza habari za yule mama. Nikamweleza yote, hadi ule uzi. Hakucheka. Macho yalimlowa. Akasema kesho alasiri ana nafasi, angependa twende wote tukamwone.

Twende wote! Amesema twende wote!

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda. Benchini tumemkuta Kobe. Ni jitu la mtu, mlango umemtosha kwa shida. Alikuja kwa basi la asubuhi, akakaa kando ya Rubani, hakusema kitu tangu saa tatu. Rubani anasema hakuna aliyemfaa kama huyo.

Ndani, wanawake wawili wameandikiana kurasa mbili nzima na hawakunionyesha. Mara kadhaa waliinua macho wakanitazama, wakaendelea. Daktari amepita akasema wiki ijayo shemeji ajaribu kunong'ona. Kunong'ona tu, na wasitarajie makubwa. Rubani akaitikia kwa adabu, akamshika mkewe mkono, na hakuuachia mpaka tulipoaga.

Njiani kurudi mfamasia ameniambia vichekesho vilimfurahisha, lakini kilichomgusa si hivyo. Kilichomgusa ni kwamba nilisimama mbele yake nikasema ukweli ambao hakuna aliyenilazimisha kuusema. (Ya shemeji na herufi kubwa sikumtajia.) Akasema wanaume wa namna hiyo hawajai kiganja. Tumeagana kwenye kona. Amesema kesho nipite, hata kama siumwi.

Nimekaa mezani tangu niliporudi. Ukweli! Kumbe dawa ni ukweli, na mimi nilikuwa nahangaika na vichekesho! Taabu ni moja. Ukweli wangu wote niliumaliza jana pale kaunta, kwa mkupuo mmoja, sikubakiza hata wa akiba. Nimepekua maisha yangu yote, sijapata dhambi nyingine ya maana. Imebidi nitunge. Kesho nitakiri kwake kwamba niliwahi kumsingizia mwenzangu kazini akafukuzwa. Jumanne, kwamba nilimtelekeza mchumba kituoni, kwenye mvua. Jumatano ni siri ya utotoni, na hiyo itahitaji chozi. Nimejaribu mbele ya kioo. Jicho la kushoto linatoa vizuri. La kulia bado kavu.