Sanamu ya Driwaru Isahihishwe Kabla ya Kuzinduliwa

Awindiri, Arua

Kwa Bi. Agnes Keji,
Mwenyekiti wa Kamati ya Sanamu, Koboko.

Mheshimiwa Bi. Agnes,

Amani iwe nyumbani mwako. Nasikia bandari zilizosafirisha watumwa sasa zinasimamisha sanamu za waliokataa utumwa. Sisi hatuna bandari. Sisi tulikuwa shamba lililovunwa. Kwa hiyo naunga mkono sanamu ya Driwaru wa Ludara, aliyewagomea wakamata watumwa. Mkono wake ulioinuliwa hauna kosa. Kosa limechongwa chini ya miguu yake: MIMI HAPANA KWENDA. Eti ukoo wake husimulia jibu lake hivyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitenzi hukanushwa kwa kiambishi, si kwa "hapana". Driwaru alipaswa kusema "Siendi".

2. Nilimweleza hayo mchongaji wenu Ambroise, aliyetoka Kongo. Akanijibu, "Mzee, mutu iko na kamba kwa shingo, hiyo kiambishi atatoa wapi?" Nilimsahihisha sentensi nzima. Swali lenyewe sikuligusa, kwa kuwa halikuulizwa kwa ufasaha.

3. Kukataa kusikofuata sarufi si kukataa. Kwa sheria za lugha, Driwaru alinyamaza, na anayenyamaza amekubali. Wakamata watumwa waliomwacha walifanya uzembe kazini.

4. Basi kamati ichague: ama ichonge "Siendi", ama iushushe ule mkono na kumwonyesha Driwaru akiwa msafarani na wenzake, kamba shingoni, ili sanamu na sarufi vipatane. Afadhali mtumwa fasaha kuliko mtu huru anayetuaibisha mbele ya wageni.

Nasubiri jibu lenu, kwa Kiswahili sanifu. Nisalimie wanakamati wote, wazee wa Ludara, na hata Ambroise.

Wako katika sarufi,
Swaibu Loro,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili

Nyongeza: Nilimwagiza mke wangu Zulaika, kitukuu wa Driwaru, akuletee barua hii. Aliisoma, akairudisha mezani, akasema, "Mimi hapana kwenda." Nilingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha, wala hakwenda. Nimepanda gari mwenyewe hadi hapa Koboko, na njia nzima nimeyachambua maneno yale bila kupata maana ya pili. Tafadhali mwambie Ambroise asiliguse jiwe.