Kauchu ya Usukani, Arusi ya Héritière

Jumatatu, 5 Agosti
Usukani umekuwa kiziwi. Naukata kulia, gari linafikiri kwanza, ndipo linakata. Leo karibu niingie ndani ya duka la mikate. Fundi Jeancy akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka anakitikisa. Akasema kauchu imekufa: ule mpira wa duara unaounga chuma cha usukani na chuma kinachoshuka kwa magurudumu. Atatafuta piesi mpya kwenye maduka ya Birere, Ijumaa itakuwa imefika. Hadi hapo nisiendeshe.

Ijumaa! Na Jumamosi binti yangu Héritière anaolewa! Gari hili ndilo lilimtoa maternité alipozaliwa, amefungwa katika kitenge. Gari hili, na mimi kwenye usukani, ndilo litamfikisha kanisani. Shemeji Bashige, mume wa dada yangu, ameniambia kwa upole nisihangaike, lake jipya lipo. Upole gani ule! Viti vyake bado vina plastiki. Heri twende kwa miguu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata! Chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zinashuka kutoka Kibumba na magunia ya makala ya kupikia, juu ya mawe ya volkano, na yale magurudumu ya mbao yamevishwa nini? Kauchu ya tairi kuukuu. Haichoki! Kwa nini ningoje Birere? Kauchu ni kauchu.

Nikaenda kwa Twagirayezu, mutu wa kuchonga chukudu. Akauliza itabeba magunia mangapi. Nikamwambia itabeba usukani. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini akakata, tena vizuri. Akaniongezea kipande cha pili, zawadi ya arusi. Huyo ndiye mutu.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeifunga mwenyewe. Tangu asubuhi nimelala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Majirani wakaisalimia miguu. Bibi yangu Léoncie, mama ya Héritière, akawajibu kwamba mwenye miguu amesafiri.

Tatizo dogo: kabla ya kufungua sikuweka alama, na usukani ukajizungukia kwa furaha yake. Sasa umekaa kichwa chini. Nikiunyoosha, gari linaelekea jikoni. Si kitu, nitazoea. Tena umekuwa muzito kama wa lori. Usukani wa wanaume! Léoncie amesema yeye atakwenda kanisani na pikipiki.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimekwenda kwa Bashige nimuonyeshe. Njiani raha tupu. Yeye alikuwa uani, anapangusa gari lake. Nikapiga honi, nikakata kuingia. Chini ya dashibodi pakalia pwaa! Usukani ukawa mwepesi, mwepesi sana, ukazunguka mikononi kama wa gari la mutoto. Nikakata kushoto: gari likaenda mbele. Nikakata kulia: likaenda mbele. Nikaita Yesu: likaenda mbele. Freni za kusimamisha gari nilizikumbuka baadaye.

Gari la Bashige, taa mbili kwisha. Radiateur inatoa machozi. Langu limekwaruzika tu. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Na ukifikiri vizuri, sasa gari la arusi limebaki moja. Langu!

Ijumaa, 9 Agosti
Piesi imefika. Jeancy ameifunga kabla chai yangu haijapoa. Usukani umenyooka. Kauchu ya chukudu aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Jioni familia ikakaa. Dada yangu akasema aliyevunja gari la mutu amtulize mutu. Wazee wakakubali: kesho gari langu litaendeshwa na Bashige. Langu! Bashige! Nikamtazama Héritière anitetee. Akasema papa yake atakaa nyuma, pamoja naye.

Jumamosi, 10 Agosti
Bashige alivaa glavu nyeupe. Glavu! Mimi nyuma, magoti kidevuni, shela imenifunika nusu. Nilikuwa na uchungu, sitaficha. Halafu Héritière akanishika mukono, akasema tangu utoto wake ndani ya gari hili anaona kisogo changu tu. Leo amepata baba muzima. Akaniegemea begani mpaka kanisani. Nikalia. Nikasema ni vumbi. Akasema madirisha yamefungwa.

Jumapili, 11 Agosti
Nyumba kimya bila yeye. Hata kelele zake za kutafuta viatu nazitamani.

Bashige amerudisha ufunguo, akasema freni zinapiga kelele. Jeancy, aliyekuwa mugeni wetu jana, naye alizisikia. Anasema zimeisha. Nisiendeshe, atatafuta piesi Birere. Tena Birere! Na mimi nimeahidi kumrudisha mama mukwe kwake kesho, yule mama asiyependa kungojeshwa.

Nimekaa nawaza. Chukudu ikishuka Kibumba na magunia yote yale, inasimamishwa na nini? Mwenyewe anakanyaga kipande cha kauchu juu ya gurudumu la nyuma. Basi! Na kile kipande cha pili cha Twagirayezu bado ninacho, hakijaguswa.

Léoncie ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia amwambie mama yake afunge mizigo.